Mguu wa Mgonjwa wa Arobaini na Saba

Sista Kelera alikuwa na wagonjwa mia moja na ishirini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jina. Utafiti ndivyo ulivyotaka. Mtu akiingia hospitali na kisukari chake, akakatwa kidole au nusu ya unyayo, akizinduka tu anapewa namba, na kwa siku tisini zinazofuata namba hiyo ndiyo inayoulizwa maswali: ina homa, inatoa usaha, inanuka, ingali hai? Majibu yaliandikwa kwenye fomu za rangi nne, fomu zikafungiwa kabatini, na ufunguo wa kabati ukaning'inia shingoni mwa Kelera pamoja na msalaba wake.

Mwenye utafiti alikuwa Dokta Raveen, daktari wa upasuaji, mtu aliyekwisha kukata miguu mingi kuliko alivyopenda, na sasa alitaka kujua ni ipi iliyopona na ipi iliyorudi kukatwa juu zaidi. Alikuwa ameandika kanuni. Ukurasa wa kumi na nne ulisema mkusanyaji wa taarifa anakusanya. Hashauri, hashawishi, hafariji kupita kiasi. Kelera aliwahi kumuuliza kiasi chenyewe ni kipi. Dokta akamwambia atumie akili. Kelera aliona huko ni kumtwisha mtu mzigo halafu kumwambia auchague mwenyewe uzito wake.

Mgonjwa wa arobaini na saba alikuwa Inosi, mkulima wa yaqona, mizizi ya kinywaji cha heshima, kutoka kijiji cha Nasoki, umri miaka hamsini na minane, vidole viwili vya mguu wa kulia vimekwenda. Hapo ndipo kazi ilipoingia mushkeli, maana Kelera ni mtu wa Waidrau.

Nasoki na Waidrau ni watani. Mababu wa kwanza wa vijiji hivyo walikuwa ndugu wawili, wakagombea gimbi moja la kuchoma, na tangu hapo mtu wa Nasoki akikutana na mtu wa Waidrau lazima watukanane. Wasipotukanana, waliopo huuliza ni nani amefariki. Tena si matusi tu. Mtani akiona kitu chako akakitaka, anakichukua. Haombi, nawe humkatalii, awe amechukua kofia au nguruwe. Unachoweza ni kungoja siku yako ya kwenda kwake.

Inosi hakungoja atoke hospitali. Siku ya pili baada ya kukatwa vidole alichukua chupa ya chai ya Kelera. Siku ya tatu, mwavuli. Siku ya nne alikula chakula chake cha mchana, samaki wa tui na muhogo, akarudisha bakuli na kusema chumvi haikukolea. Kelera hakuchukua kitu chochote kwake. Yule alikuwa mgonjwa, tena namba.

Kila asubuhi alipomfungua bandeji maneno yalikuwa yale yale.

"Kuna harufu?"

"Ipo, mtani. Kama Waidrau maji yakipwa."

"Usaha?"

"Unatosha kuwapikia mababu zako mchuzi."

Kidonda kilikuwa kikavu na safi, kinanukia dawa. Kelera aliweka tiki kwenye Hakuna, mara mbili, akamwambia kwamba kumpunguzia vidole mtu wa Nasoki ni kumsaidia, maana kuhesabu mpaka kumi kulikuwa kunawasumbua. Wodi nzima ilicheka. Siku ya saba Inosi aliruhusiwa, akaenda kwao na mwavuli wa watu.

Fomu ya siku ya kumi na nne ilikuwa ya simu.

"Mtani, hujafa?"

"Nawangoja nyinyi mtangulie."

"Homa?"

"Nikikukumbuka, inapanda."

"Kuna harufu?"

"Ipo. Kama Waidrau maji yakipwa."

"Usaha?"

"Waambie mababu walete sufuria."

Kelera akacheka, akaweka Hakuna, Hakuna na Hakuna, akaenda kula.

Siku ya thelathini ilikuwa ya kutembelewa nyumbani. Gari la hospitali lilipofika Nasoki, Laisani, mke wa Inosi, alikuwa amesimama barabarani. Hakusalimia. Alimshika Kelera mkono juu ya kiwiko, kama mtu anayevushwa mto, wakaenda hivyo mpaka nyumbani. Inosi alikuwa kaketi barazani, mguu umefungwa kwa majani, na juu ya majani kitambaa cha maua. Harufu ilimpokea Kelera hatua kumi kabla ya mwenyeji wake.

Alipiga magoti, akafungua. Vidole vitatu vilivyobaki vilikuwa vyeusi. Weusi ulikuwa umepanda juu ya unyayo, na shavu la mguu limevimba na kuwaka moto.

"Tangu lini?"

"Nilikuambia," Inosi alisema.

"Uliniambia lini?"

"Kwenye simu. Nilikuambia kuna harufu. Nikakuambia kuna usaha. Homa pia nilikuambia."

"Uliniambia kwa utani."

"Ningekuambia kwa nini kingine? Wewe ni mtani wangu. Ulitaka nikulilie?"

Kelera alikuwa muuguzi kwa miaka ishirini na miwili, na pua yake ilijua kidonda kibaya kabla ya jicho la daktari. Lakini harufu haisafiri kwenye simu. Alibaki kapiga magoti, kashika ule mguu kwa mikono miwili, akajua kwamba akifa huyu, amekufa kwa tiki tatu na chakula cha mchana.

Inosi hakubisha kupelekwa hospitali. Walimlaza, wakamtundikia dripu ya dawa, na Dokta Raveen akaja kuutazama mguu kwa muda mfupi sana, jambo ambalo halikuwa dalili nzuri.

"Ukatwe chini ya goti," alisema. "Leo au kesho. Ukibaki, sumu itaenda kwenye damu, na wiki hii haitaisha ukiwa nasi."

"Basi haitaisha," alisema Inosi.

Hakuwa mkorofi. Alieleza vizuri. Yeye ndiye anayechanganya yaqona mbele ya chifu wa Nasoki, miaka thelathini na moja sasa, akikaa mkekani nyuma ya bakuli kubwa la mti, miguu kaikunja kama inavyopasa. Mbele ya chifu mtu hanyooshi mguu. Mwenye kigutu hawezi kukunja kitu. Kigutu kinanyooka mbele, kinamwelekea mheshimiwa kama kidole cha mtu asiye na adabu.

Laisani alimlilia mumewe. Mchungaji alikuja akamwombea. Chifu wa Nasoki mwenyewe alituma ujumbe kwamba Inosi anaweza kukaa atakavyo, hata alale.

"Chifu ana huruma," Inosi alimjibu mjumbe. "Sasa kila nikikaa, mpaka nionewe huruma kwanza? Mwambie namshukuru."

Siku hiyo Kelera alitoa kabatini fomu ya siku ya kumi na nne. Kwenye utafiti hakuna kufuta. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, mwembamba, ili kosa lizidi kusomeka. Unaandika lililo sahihi. Unatia sahihi na tarehe. Kisha pembeni unaeleza sababu. Alipiga mistari mitatu. Aliandika Ipo, Ipo, Upo. Akampelekea daktari.

Dokta Raveen alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Hapa kwenye sababu umeandika 'Nilidhani anatania.'"

"Ndiyo, dokta."

"Hiyo ni sababu ya kitabibu?"

"Kwetu ndiyo."

Daktari alizaliwa mji huu huu, babu zake walikuja kulima miwa, na alikuwa amewaona wauguzi wake wakinyang'anywa mikoba na wagonjwa huku wanacheka. Hakuwahi kuuliza. Kwao hakukuwa na kitu cha namna hiyo; kwao mtu akichukua mwavuli wako ni mwizi.

"Ningempigia mimi angeniambia ukweli," alisema.

"Angekuambia hajambo, dokta. Wewe ni mtu wa heshima."

Daktari alifikiri juu ya hilo, na halikumfurahisha. Akamrudishia fomu. "Jaza ya leo. 'Amekataa upasuaji.' Kuna nafasi ya sababu. Na, Sista, ukurasa wa kumi na nne."

"Naujua, dokta. Nisimshawishi."

"Nimekwisha kushawishi mimi kwa niaba ya hospitali nzima. Hakushawishika."

Kelera alirudi mezani. Aliandika 'Amekataa.' Kwenye sababu aliandika neno moja, 'Bakuli', akalitazama. Alikuwa na hofu. Hakumwogopa daktari. Alimwogopa Laisani, ambaye kesho kutwa au mtondo angemshika tena mkono juu ya kiwiko, asiseme kitu.

Halafu alikumbuka chupa ya chai.

Alivua kitambulisho cha utafiti, akakifungia kabatini pamoja na fomu. Akachukua kalamu nene ya bluu ya kuandikia lebo, akaenda wodini. Inosi alikuwa amelala chali, macho kayatoa kwa homa. Laisani alikuwa akimpepea kwa kipande cha boksi.

"Mtani," Kelera alisema, "nimekuja kuchukua."

Inosi aligeuza kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia neno hilo kwake, na hata katika hali ile lilimpendeza.

"Hatimaye. Nilidhani Waidrau mmeokoka. Chukua. Kuna shuka la serikali hili, na ndizi tatu."

"Ndizi kula mwenyewe. Nataka mguu."

"Mguu upi?"

"Huo wa kulia. Kuanzia hapa." Alifunua shuka, akachora mstari wa bluu, taratibu, ukazunguka mguu mzima vidole vinne chini ya goti. "Kutoka hapa kwenda chini ni wangu. Juu ya hapo kaa nako, sina haja nako."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka kutazama. Laisani aliacha kupepea. Kila mtu pale alijua lililosemwa, na alijua pia kwamba tangu lile gimbi la kuchoma hakuna mtu wa Nasoki aliyewahi kumwambia mtani wake hapana. Kelera alisimama na kalamu mkononi. Kama Inosi angekataa, angekuwa wa kwanza, na Kelera angekuwa ameitumia njia ya mwisho aliyokuwa nayo.

"Umeoza huo," Inosi alisema.

"Nimekuuliza hali yake? Wewe uliniuliza kama mwavuli wangu una matundu?"

"Ulikuwa nayo. Mawili."

"Basi."

"Utaupeleka wapi?"

"Kwetu. Nauzika Waidrau."

Inosi alitazama dari. Machozi yalimtoka pembeni ya macho, yakaingia masikioni, hakuyafuta.

"Chukua," alisema. "Tangu siku ya kwanza nilikuambia unanuka kwenu."

Laisani alikaa chini sakafuni, palepale, akalia kwa sauti.

Dokta Raveen alipoletwa na fomu ya ridhaa alitaka kuelezwa tena, polepole. Alielezwa na Inosi, na Kelera, na mgonjwa wa kitanda cha dirishani ambaye hakuulizwa.

"Mimi siwezi kumkata mtu kwa ruhusa ya mtu mwingine," daktari alisema.

"Unanikata nini, dokta? Mguu si wangu. Unamtolea mwenyewe kitu chake kilichokwama kwangu."

"Lakini wewe mwenyewe unakubali nikitoe?"

"Nakubali apewe chake."

"Unaelewa kwamba baada ya hapo hutakuwa nao?"

"Hata sasa sinao."

Daktari alimtazama Kelera. "Ulimshawishi?"

"Hapana, dokta. Nilichukua."

Alifungua kanuni ukurasa wa kumi na nne, akapekua wa kumi na tano, na kwa uangalifu wa kazi yake akatazama pia viambatisho. Kuhusu kuchukua hakukuwa na neno. Akampa Inosi kalamu, na Inosi akatia sahihi.

Mguu ulikatwa kesho yake asubuhi, kwenye mstari wa bluu, maana daktari alikuta umechorwa mahali panapofaa. Mchana Kelera aliitwa chumba cha maiti kuupokea. Daftari la kule lilikuwa na safu ya 'Uhusiano na marehemu.' Mtunza chumba alikata neno 'marehemu,' akasubiri. Kelera alimwambia aandike 'Mwenyewe.' Akaandika.

Aliupeleka Waidrau kwa basi, kwenye boksi la dawa lililofungwa kamba, juu ya mapaja yake. Chifu wa Waidrau, ambaye ni mjomba wa Kelera, alisikiliza habari yote bila kubadilisha uso. Kisha akasema ni aibu kubwa kijiji kupewa mguu wa Nasoki mmoja tu, tena uliotumika. Wakachimba kaburi dogo nyuma ya kanisa, wakalitia mikeka miwili mipya, na chifu akaongea maneno machache ya heshima kwa yule asiyekuwapo. Baadaye walikunywa yaqona mpaka bakuli likakauka. Vijana walioambiwa walichimbe kwa utani walilichimba kwa kina cha mtu mzima.

Homa ya Inosi ilishuka siku ya tatu. Siku ya kumi na moja alitembea kwa magongo mpaka ofisini kwa Kelera, akatoka na saa ya ukutani.

Siku ya tisini ilipokaribia, Dokta Raveen alikuwa ameanza kupanga majedwali. Alimwonyesha Kelera. Mgonjwa wa arobaini na saba alikuwa safu ya kulia, chini ya 'Matokeo mabaya,' pamoja na waliokufa, kwa sababu amekatwa mara ya pili kabla ya siku tisini.

"Lakini yu hai," Kelera alisema.

"Safu ni ya mguu, Sista, si ya mtu." Daktari alilitazama jedwali lake mwenyewe bila mapenzi. "Kajaze ya mwisho. Ana kwa ana. Simu sitaki tena."

Kule Nasoki alimkuta Laisani peke yake, anaanika mizizi ya yaqona juu ya bati.

"Hayupo, mwanangu. Kaenda kwenu."

"Kwetu kufanya nini?"

"Kila Jumamosi yuko kwenu. Anasema anakwenda kuusalimia mguu."

Kelera akageuza gari. Waidrau aliwakuta wanaume wamekaa kwenye ukumbi wa kijiji, duara la watu kumi na watano, chifu juu kabisa, mahali pake. Chini, nyuma ya bakuli, alikuwa Inosi. Mguu wa kushoto alikuwa kaukunja. Kigutu cha kulia kilikuwa kimenyooka mbele, kikimwelekea chifu wa Waidrau moja kwa moja, kifuani. Hakuna aliyejali. Alikuwa mtani; angeweza kumnyooshea chifu yule chochote alichobaki nacho, na chifu angetakiwa kushukuru. Inosi alikamua mizizi, akajaza kifuu, kikapelekwa juu. Chifu alikunywa, makofi yakapigwa, na chifu akasema ina ladha ya jasho la Nasoki.

Kelera alikaa pembeni mpaka zamu ikaisha. Kisha akasogea kwa magoti na fomu yake, ile ya njano.

"Mtani, fomu ya mwisho. Hujafa?"

"Nimeanza. Robo yangu iko nyuma ya kanisa lenu."

"Umerejea shughuli zako za kawaida?"

Inosi alitazama bakuli, halafu kigutu, halafu chifu. "Nusu. Kwetu bado nakaa mlangoni. Hapa nakaa hapa."

Aliandika vile vile, neno kwa neno, ingawa nafasi ilikuwa ya tiki.

"Homa?"

"Ulipoingia."

"Kuna harufu?"

Wanaume walianza kutabasamu kabla hajafungua mdomo. "Ipo," Inosi alisema. "Kama Waidrau maji yakipwa."

Watu wakacheka. Kelera hakucheka. Aliweka kalamu mkekani, akakishika kigutu kwa mikono miwili mbele ya chifu na wanaume wote, akafungua soksi, akafungua bandeji mzunguko baada ya mzunguko mpaka mshono ukaonekana. Aliinama, akaweka pua kwenye kovu, akavuta pumzi mpaka mwisho.

Inosi, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakusema kitu mpaka alipomaliza.

Ilikuwa sabuni ya kufulia na mafuta ya nazi. Kelera alivuta pumzi mara nyingine ili kuwa na hakika, akamfunga bandeji, akamvika soksi, akaokota kalamu, akaweka tiki kwenye Hakuna.